Mbawakawa wa magati na boriti: mdudu anayekuja baada ya mti kuoza

Nguzo ya gati ikianza kumomonyoka kichwani, fundi akaichimba kwa patasi na kukuta mabuu weupe wamejaa ndani, jambo la kwanza wanalofanya watu ni kutafuta dawa ya kupuliza. Dawa hununuliwa na kupulizwa, mabuu wa juu hufa, na misimu miwili ya masika ikipita nguzo hukatika vilevile. Mabuu wale hawakuiozesha nguzo. Waliikuta imeshaoza, wakaingia kula kilichokwisha kulainika. Aliyeiua nguzo ni maji yaliyokaa mahali ambapo hayakustahili kukaa, na kuvu iliyomea kwa sababu ya maji hayo. Anayepambana na mdudu akayaacha maji anapoteza pesa yake, na kwa visiwa vyetu vya Lamu ambavyo nguzo na boriti ndizo mifupa ya magati na ya nyumba, hasara hiyo si ndogo.

Mbawakawa hawa ni wa familia ya Oedemeridae. Spishi takriban 1,500 zimeelezwa duniani, na maisha yao karibu wote yana sehemu mbili zisizofanana. Buu huishi ndani ya mti mbovu wenye unyevu: gogo lililolala ufukweni, kisiki, nguzo ya gati, mbao iliyofukiwa. Mdudu mzima hutoka akaenda kwenye maua kula chavua na mbochi, wala hana haja na mbao isipokuwa wakati wa kutaga. Anayejulikana zaidi kwa mafundi wa bandari duniani ni Nacerdes melanura, aliyeelezwa na Linnaeus mwaka 1758. Huyu amefika katika bandari za mabara mengi kwa kupanda meli, akiwa ndani ya mbao zenyewe. Kule London, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walikuwa wakitoka kwa wingi katika viwanja vya majengo yaliyopigwa mabomu, kwa sababu mbao zilikuwa zimefukiwa chini ya vifusi, zimelowa na kuoza. Mji wa bandari kama Lamu, uliopakia boriti majahazini kwenda Arabuni kwa karne nyingi hadi serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, hauna budi kujua kwamba mbao inaposafiri husafiri na wakazi wake.

Kumtambua

Mdudu mzima ni mwembamba, mrefu, na mwili wake ni laini kwa kiasi cha kushangaza kwa mbawakawa. Urefu wake kwa kawaida ni milimita 5 hadi 20. Nacerdes ana milimita 7 hadi 14, rangi ya manjano iliyoelekea hudhurungi, na ncha za mabawa ya juu zimepakwa weusi. Ncha hizo nyeusi ndizo alama ya haraka. Vipapasio ni vyembamba na virefu, hufika nusu ya mwili au kuzidi. Mabawa ya juu yana mistari iliyoinuka kidogo, inayokwenda kwa urefu.

Watu humchanganya na mbawakawa wa familia ya Cerambycidae, wale wenye vipapasio virefu mno ambao mabuu wao hula mbao ngumu. Kosa hili lina gharama, kwa kuwa Cerambycidae wengine wanaweza kweli kuharibu mti ambao bado ni mzima. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 uhesabu vipande vya nyayo. Oedemeridae wana vipande 5 kwenye miguu ya mbele, 5 kwenye ya kati, na 4 kwenye ya nyuma, na kipande cha kabla ya mwisho kimegawanyika kama vipande viwili vya mviringo. Cerambycidae huonekana kuwa na vipande 4 kwenye miguu yote, na jicho lao mara nyingi limekatwa pembeni, likikizunguka kitako cha kipapasio. Familia ya tatu ya kuitenga ni Meloidae, wanaokula maua ya kunde na bamia mashambani. Hawa kucha zao zimepasuka mbili mbili, na nyuma ya kichwa pana shingo nyembamba iliyo wazi.

Buu ni rahisi zaidi, na ndiye utakayekutana naye. Ana rangi ya maziwa au manjano hafifu, kichwa kipana, meno meusi, na akikomaa huweza kufika sentimita 3. Mwili ni mpana karibu na kichwa na hupungua kuelekea nyuma. Mgongoni mwa pingili za mbele ana vijipele vigumu vya kujishikilia ndani ya njia anamopita. Ana miguu mitatu kila upande wa kifua, inayoonekana bila lenzi. Buu wa Cerambycidae miguu yake ni midogo mno au haipo kabisa. Buu aliyejikunja mfano wa herufi C ndani ya unga mkavu ni wa jamii nyingine, wale wanaobungua mbao kavu.

Usiishie kwa mdudu. Tazama uchafu anaouacha. Oedemeridae huacha nyuzi za mti zilizolowa, zimesokotana na kunata, na mti wenyewe hubonyea. Ukiona unga laini mkavu unaomwagika kwenye matundu ya milimita 1 au 2, hao ni fukusi wa mbao kavu, tatizo jingine kabisa. Punje ndogo kavu zenye pande sita, zilizorundikana chini ya boriti, ni za mchwa wanaoishi ndani ya mti mkavu. Njia za udongo ukutani ni za mchwa wa ardhini. Tundu la mviringo kamili linaloingia kidole kidogo ni la nyuki mweusi mkubwa. Na njia iliyopakwa utando mweupe mgumu, kwenye sehemu inayofunikwa na bahari, si ya mdudu hata kidogo: ni ya wanyama wa familia ya Teredinidae, ambao wanafanana na minyoo lakini ni jamaa wa chaza.

Kila kimo cha nguzo kina mlaji wake

Nguzo ya mkoko iliyosimamishwa gatini hukaa katika hali nne kwa wakati mmoja, na asiyezitenganisha atatibu mahali pasipo na ugonjwa.

Sehemu iliyozama topeni haina hewa, kwa hiyo kuvu haimei na Teredinidae hawafiki. Ndiyo maana ukiing'oa nguzo kongwe unakuta kitako chake kizima huku katikati pameliwa pakawa kiuno. Sehemu ya pili ni ile inayofunikwa na kufunuliwa na maji. Hapo ndipo Teredinidae wanapofanya kazi, na mafundi wa vyombo wa Matondoni, kijiji cha kisiwani Lamu, wanawajua kwa taabu yao: vyombo hupandishwa, tumbo hukwanguliwa na kupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, na kazi hiyo hurudiwa kila msimu. Nguzo ya gati haipandishwi pwani, kwa hiyo hapo kinga pekee ni aina ya mti, unene wake, na kuibadilisha kwa wakati.

Sehemu ya tatu ni ya mbawakawa wetu: kuanzia mstari wa maji ya bamvua, yaani maji makubwa, hadi kichwa cha nguzo. Hapa mti hurushiwa maji ya chumvi na pia hupokea mvua. Maji ya mvua ndiyo mabaya zaidi. Chumvi huzizuia kuvu nyingi, lakini mvua inayoingia kichwani mwa nguzo, pale ambapo mishipa ya mti imekatwa wazi, hushuka ndani moja kwa moja kama mafuta kwenye utambi. Kuvu huhitaji mti wenye unyevu wa zaidi ya asilimia 20, na kichwa cha nguzo kisichofunikwa hubaki juu ya kiwango hicho majuma mengi baada ya masika. Kuvu ikishalainisha mti, jike la mbawakawa hutaga kwenye nyufa. Mayai ya Nacerdes huanguliwa kwa siku 5 hadi 11, buu hukaa ndani miezi tisa au zaidi, pupa, yaani hatua ya kati ya buu na mdudu mzima, hukaa siku 6 hadi 17, kisha mdudu mzima hutoka na kuishi muda mfupi tu. Karibu maisha yake yote hayaonekani. Kwa hiyo dawa inayopuliziwa wadudu wazima wanaorukaruka gatini haina maana: unaua wachache waliokwisha kumaliza kazi, na watoto wao wako ndani usikofika.

Sehemu ya nne ni mbao na nguzo zilizo kavu muda wote, kama zile za paa la kivuli. Hapo Oedemeridae hawana shughuli. Buu wao hawezi kuhama kutoka nguzo mbovu akaingia kwenye kabati lako la mvule.

Kupima nguzo

Pima maji yakiwa yamepwa na baada ya siku kadhaa bila mvua. Unahitaji bisibisi yenye ncha bapa ya milimita 6, nyundo ndogo, na chaki. Gonga kwanza kuanzia chini kwenda juu. Mti mzima hujibu kwa sauti kali, mti ulioliwa hutoa sauti nzito iliyokufa. Weka alama ya chaki pale sauti inapobadilika.

Kisha sukuma bisibisi kwa nguvu ya mkono, bila nyundo. Kuingia milimita 2 au 3 ni kawaida kwa mti uliolowa. Ikiingia sentimita moja, tabaka la nje limekwisha. Inua kibanzi kwa ncha ya bisibisi: mti mzima hutoa kibanzi kirefu kinachochanika kwa nyuzi, mti ulioshikwa na kuvu hukatika kifupi papo hapo, bila nyuzi. Jaribio hili la kibanzi ni bora kuliko macho, kwa sababu linakamata uozo wa mwanzo, kabla rangi haijabadilika.

Mahali pa kupima ni kichwani, chini ya mhimili unaobeba mbao za kutembelea, kandokando ya kila bolti, na kwenye mstari wa maji makubwa. Pale penye bolti au msumari wa chuma ulioshika kutu, mti huwa mweusi na laini kwa sababu kutu yenyewe hula nyuzi, na tundu lake hunyonya maji. Ukiwa na shaka juu ya kiini, toboa kwa keekee ya milimita 10 na utazame vumbi linalotoka. Likiwa jeupe au jekundu safi, endelea na kazi nyingine. Likiwa tope la hudhurungi, nguzo ina pango. Usiache tundu wazi: lizibe kwa kigingi cha mti mkavu kilichochovywa lami.

Watu wengi hudharau upotevu wa tabaka la nje, wakisema kiini bado kizima. Hesabu inasema vingine. Nguvu ya nguzo kustahimili kupindwa hufuata kipenyo mara tatu, yaani kipenyo kwa kipenyo kwa kipenyo. Nguzo ya sentimita 14 iliyopoteza sentimita 2 kila upande imebaki na sentimita 10, na nguvu iliyobaki ni kama asilimia 36 tu. Boti ikiigonga wakati wa kusi haitasubiri kiini.

Kutengeneza

Kama uozo uko kichwani peke yake, kata mpaka uone mti safi, kisha kata sentimita 30 zaidi, kwa sababu nyuzi za kuvu hutangulia mbele ya uozo unaoonekana. Mkato uwe wa mteremko wa nyuzi 15 hivi, si bapa, ili maji yateleze. Acha kichwa kikauke. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika: fundi hukata asubuhi na kupaka lami mchana. Lami juu ya mti uliolowa huyafungia maji ndani, na uozo huendelea chini ya ngozi nyeusi inayopendeza. Subiri kipindi cha kaskazi chenye jua na upepo mkavu, funika kichwa kwa kitu kisichogusa mti, na upake mikono miwili ya lami baada ya majuma kadhaa.

Kisha vesha kofia. Bati la kawaida huliwa na chumvi haraka mno. Plastiki nene ya dumu la lita 20 hufanya kazi vizuri na haina gharama: kata duara linalozidi kipenyo cha nguzo kwa sentimita 5 kila upande, likunje kuteremka pembeni, na lipigilie misumari ya shaba pembeni, kamwe si juu. Msumari wa juu ni mlango wa maji. Chini ya kofia weka vipande viwili vya ubao mwembamba ili hewa ipite. Kofia iliyobana kabisa hutokwa jasho kwa ndani.

Mbao za kutembelea ziwe na nafasi ya milimita 8 hadi 10 kati yake. Mafundi hupenda kuzibananisha zipendeze, lakini mchanga, magamba ya samaki na majani hujaa kwenye nyufa nyembamba na kukaa na maji. Pale ubao unapolala juu ya mhimili pia ni kitanda cha unyevu. Ukiweka ukanda wa plastiki juu ya mhimili, uliozidi kidogo pande zote mbili, utauongezea miaka.

Oili chafu ya injini ndiyo dawa inayopendwa kuliko zote, na naipinga bila kusita. Haiingii ndani zaidi ya ngozi ya mti, huoshwa na maji ya kila siku, na ina metali na masizi yenye sumu yanayokwenda moja kwa moja kwenye mizizi ya mikoko na kwenye chaza na kaa wanaoliwa. Sifa, yaani mafuta ya papa, inayopakwa kwenye mbavu za vyombo juu ya maji ina kazi yake pale inaporudiwa mara kwa mara na chombo kinakauka pwani. Kwa nguzo iliyosimama majini mwaka mzima haitoshi.

Kuhusu aina ya mti: mkoko na muia hutoa nguzo nzuri, mkandaa ni mgumu na hutumika sana kwa vipimo vidogo kama fito na pau. Mchu na mlilana ni miepesi kuoza kwa kazi ya nguzo. Nunua mti uliokatwa kwa kibali. Lamu ina karibu tatu kwa tano ya mikoko yote ya Kenya, na marufuku ya mwaka 2018 ya kukata miti ilitukumbusha jinsi kazi zote zinavyosimama boriti zikikosekana.

Ndani ya nyumba za mawe

Mji mkongwe wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, umebebwa na boriti. Vyumba ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti inayobeba dari haizidi mita 3 hivi. Katikati ya chumba boriti hukaa kavu hata karne. Hatari iko kwenye vichwa vyake, vilivyoingia ukutani ambako huvioni. Ukuta wa mawe ya matumbawe una chumvi, na chumvi huvuta unyevu hewani hata bila mvua. Ukiongeza dari inayovuja, au choo cha juu chenye birika, kichwa cha boriti kinakuwa na hali ileile ya kichwa cha nguzo ya gati. Basi usishangae kukuta buu wa aina ileile. Wikio nazo, yaani vyumba vinavyovuka juu ya njia, zichunguzwe, maana boriti zake hupigwa na mvua chini na pembeni.

Chanzo kikubwa siku hizi ni saruji. Ukuta wa chokaa hunyonya maji na kuyaachia. Ukipakwa saruji nje, maji yaliyoingia kupitia ufa au juu ya ukuta hayana pa kutokea, nayo hutafuta njia ya ndani, kwenye boriti. Ndani ya miaka michache dari hulegea karibu na ukuta, na mwenye nyumba hulaumu wadudu. Banja saruji, rudishia chokaa, tengeneza mifereji ya dari ili maji yaruke mbali na ukuta. Kazi hiyo ndiyo tiba. Kubadilisha boriti kabla yake ni kumlisha mdudu boriti mpya.

Unapobadilisha, weka nguzo za kushikilia dari kwanza, pande zote mbili, na toa boriti moja moja. Usifungue mbili zilizo jirani kwa siku moja. Boriti mpya iingie ukutani angalau sentimita 15, ilale juu ya jiwe gumu, na iachiwe nafasi ya hewa ya sentimita 2 au 3 kuzunguka kichwa badala ya kusindiliwa udongo.

Kwa boriti zilizo chini ya paa, chumvi za boroni zinafaa sana. Kwa lita 10 za maji ya moto tumia gramu 600 za boraksi na gramu 400 za asidi ya boriki. Zikichanganywa pamoja huyeyuka vizuri kuliko kila moja peke yake. Koroga mpaka maji yawe angavu. Paka mikono mitatu, ukiongeza uzito kwenye vichwa, kisha funga boriti kwa nailoni kwa muda wa majuma manne. Boroni husafiri ndani ya mti kwa kufuata unyevu, kwa hiyo boriti mbichi kidogo huipokea vyema kuliko iliyokauka kabisa. Ukiipaka kwenye mti mkavu ukaiacha wazi juani, inabaki juu tu. Lita moja hutosha boriti mbili au tatu za mita 3 kwa mkono mmoja. Baada ya kufungua, acha boriti ikauke kabla ya kuijengea. Vaa glavu, watoto wakae mbali, na ndoo isirudi jikoni. Usiitumie gatini: maji huiyeyusha na kuiondoa yote.

Ngozi na macho

Wengi wa Oedemeridae wana kantharidini mwilini, sumu ileile ya Meloidae. Mdudu huyu haumi wala hachomi. Madhara huja akipondwa juu ya ngozi, shingoni au kwenye kunja ya kiwiko, usiku anapofuata taa. Saa chache baadaye ngozi huwaka, na kufikia kesho yake malengelenge huwa yametoka. Katika visiwa vya Pasifiki jamaa wa familia hii huja kwa wingi kwenye maua ya minazi, na watu wanaofanya kazi chini yake hupata malengelenge. Wagema wa Malindi na Mamburui wanaoshika mapunga kila siku wafahamu hilo.

Mdudu akitua, mpulize kwa pumzi au mwondoe kwa karatasi. Akipondeka, osha mara moja kwa maji mengi na sabuni. Usipake mafuta ya nazi, ingawa mkono wa kila mtu wa pwani huyakimbilia, kwa sababu kantharidini huyeyuka kwenye mafuta na utaisambaza. Usipasue lengelenge, lifunike kwa kitambaa safi. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi kwa dakika 15 na uende hospitali bila kungoja. Usimchanganye na Paederus, yule mdogo mwenye mikanda ya rangi ya chungwa na nyeusi aliyesumbua watu Kenya wakati wa El Niño ya 1998. Huyo mabawa yake ya juu ni mafupi, tumbo liko wazi, na sumu yake ni nyingine, ila huduma ya kwanza ni ileile: sabuni na maji.

Gatini, badilisha balbu nyeupe kwa zenye mwanga wa manjano na uziweke mbali na mahali watu wanapoketi. Wadudu hupungua mara moja.

Magogo ya ufukweni

Masika yakishuka, Mto Sabaki hubeba magogo na kuyatupa pwani kaskazini ya Malindi, na Tana hufanya hivyo upande wa Kipini. Gogo lililolala juu ya mstari wa bamvua likioza ni makazi halali ya mbawakawa hawa, na hakuna sababu ya kulichoma. Halitaambukiza nyumba. Wanageuza mti kuwa udongo, wanalisha ndege, na wakitoka wanabeba chavua.

Anayetaka kuwafahamu aanzie hapo. Asubuhi, tandika shuka jeupe chini ya kichaka chenye maua na ugonge matawi kwa fimbo, wadudu huanguka. Kwa mabuu, chukua kipande cha gogo bovu cha urefu wa mkono, kiweke kwenye ndoo yenye mfuniko wa chandarua, na ukirushie maji kidogo kila juma ili kisikauke wala kisilowe chepechepe. Kikikauka wanakufa, kikilowa mno hukosa hewa. Usiokote kitu ndani ya hifadhi za bahari za Malindi, Watamu au Kiunga. Mdudu aliyetoka mhifadhi kwenye spiriti ya asilimia 70, ndani ya kichupa chenye mfuniko wa kubana, pamoja na karatasi yenye jina la mahali, tarehe, aina ya mti, na kimo kutoka mstari wa maji makubwa. Andika kwa penseli, kwa kuwa spiriti hufuta wino wa kalamu, na kielelezo kisicho na mahali wala tarehe hakitawasaidia wataalamu wa Makavazi ya Taifa jijini Nairobi.